Chuma Kikilia Msitoke

Bondeni, Ruaha Mdogo, Iringa
2 Machi 1952

Baba Marta,

Kamwene. Sisi ni wazima wa kula na kutembea. Wa kulala si wazima. Nakuandikia nikiwa upande wetu wa tembe. Baba yako yuko chumbani kwake, upande wa pili, anasugua mkuki wake kwa majivu tangu asubuhi. Mzee wako haogopi kitu, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Jumatano wezi walitoboa nyumba ya jirani yetu Damari. Walimwagia ukuta maji, wakangoja udongo ulainike, kisha wakachimba polepole kama watu wanaovuna viazi. Damari alikuwa amelala humo humo na wanawe. Alipoamka aliona mwanga mahali pasipo na dirisha. Walichukua mablanketi na sufuria pamoja na maharage yaliyokuwa ndani yake. Mbwa wake wawili tuliwakuta nyuma ya nyumba wamekauka, povu mdomoni. Walitupiwa nyama yenye sumu.

Hao ni wezi. Bado mto. Lile jiwe tunalofulia halionekani tangu Ijumaa, na mvua ya huko juu haijakatika. Tukipanda mlimani kukimbia maji, wezi watabeba nyumba. Tukibaki kulinda nyumba, maji yatatubeba sisi. Nimewaza hadi kichwa kinauma. Niambie nifanye nini na watoto, na mbuzi wanne, na mbwa wetu Sajini, na paka, na wale ndege wa Marta, kanga wawili, ambao wakianza kelele mtaa mzima unaamka.

Na niambie nifanye nini na Baba. Unajua mimi ni mkamwana. Siwezi kumwamrisha, siwezi hata kuvuka kizingiti chake. Chakula namwekea nje ya mkeka wa mlango, Marta ndiye anayeingiza. Mtu wa namna hiyo nitamtoaje ndani maji yakija?

Andika upesi.

Mkeo,
Verediana


Uyole, Mbeya
9 Machi 1952

Mama Marta,

Barua yako niliisoma juu ya paa la kikaushio cha pareto, misumari mdomoni, nikacheka karibu niimeze. Wewe ulizaliwa na woga. Hata jogoo akiwika kabla ya saa zake unakaza komeo. Lakini niliposhuka niliisoma tena chini, na mara ya pili sikucheka.

Sikiliza fundi anavyosema. Chimba mfereji nyuma ya tembe, kina cha futi mbili, uelekee kwenye mgomba. Chini ya kuta fukia miiba na vigae vya vyungu, mwizi akichimba aache vidole vyake hapo. Mbegu weka kwenye vibuyu, uvifunge juu kwenye boriti. Cherehani iinue, iweke juu ya sanduku.

Sajini usimfunge kwa mnyororo. Mfunge kwa kamba ya katani, fundo la kuvuta, ambalo Marta ataweza kulifungua kwa mkono mmoja. Mpe ugali na ukoko jua halijazama, ashibe. Mbwa mwenye njaa ni rafiki wa kila mwenye nyama. Paka awe na tenga lake karibu na mlango. Kanga walale nje, juu ya banda, hao ndio walinzi wasiohongeka. Mbuzi waondolee kamba kabisa. Mbuzi anaijua njia ya mlimani kuliko wewe.

Sasa jambo kubwa. Yowe letu ni moja tu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akipiga yowe usiku, atakayedhani ni mwizi atashuka mtoni na silaha, na atakayedhani ni maji atapanda mlimani. Mwambie Katekista Liberatus kuwa lile ringi la gurudumu la lori nililoliacha kwake alitundike kwenye mti wa kanisa. Yowe liwe la mwizi. Chuma kiwe cha maji. Chuma kikilia kila mtu apande na wanyama wake, asirudi kuchukua hata kijiko.

Habari za Baba zisikusumbue. Najua barua zangu anazisoma kabla yako, kwa hiyo namwambia hapa hapa: Baba, chuma kikilia, panda na wenzako. Mama Marta ni mkamwana wako, hawezi kukushika mkono.

Mumeo,
Joachim


Bondeni
19 Machi 1952

Baba Marta,

Tulifanya yote. Mfereji nilichimba na Damari, vigae tumefukia, mbegu ziko juu. Marta amefundishwa lile fundo hadi analifungua akiwa amefumba macho. Katekista alitundika chuma, akakijaribu Jumamosi, watu wakacheka na kusema Joachim Kalinga ametutumia kengele kutoka Mbeya kama padri.

Juzi Jumatatu, mchana, wingu lilikaa juu ya mji jeusi tii. Chuma kikalia. Nilikwambia mimi ni mwoga? Watoto walikuwa njiani kabla sijamaliza kujifunga kitenge. Tulipanda sote, na Baba akatoka mwenyewe na mkuki wake, Sajini pembeni yake, bila kubembelezwa. Moyo wangu ulitulia. Tulikaa juu hadi alasiri, tunaangalia mto. Mto ulikuwa pale pale.

Katekista akatokea upande wa misheni, amepanda baiskeli. Akatukuta tumejaa mlimani na mbuzi wetu na matenga yetu, akauliza, "Kuna nini?" Tukamwambia, wewe ndiye uliyepiga chuma. Akasema, "Mimi? Nilikwenda kumwona padri tangu asubuhi."

Tuliposhuka nyumba zote zilikuwa wazi. Hawakutoboa hata ukuta mmoja. Waliingia mlangoni kama wageni walioalikwa. Cherehani imekwenda. Nguo za Komunyo za Marta zimekwenda. Baba wamemchukulia lile koti lake zito la jeshi, alilorudi nalo vitani. Na hakukuwa na mbwa wa kuwabwekea, maana mbwa wote tulikuwa nao mlimani, kama ulivyoagiza.

Sikuandikii haya kukulaumu. Waliotusikia tukipanga ndio waliopiga, na sijui ni nani kati ya tunaosalimiana nao kila siku. Hilo linanitisha kuliko koti. Lakini kinachoniumiza ni Baba. Jana nilimsikia akimwambia Sajini chumbani, "Tulikimbia nyumba yetu wenyewe na mkuki mkononi." Alirudia mara nyingi.

Mvua inaendelea.

Mkeo,
Verediana


Uyole
24 Machi 1952

Mama Marta,

Sijalala. Wale watu walitumia akili yangu kuniibia mimi. Nilipiga nyundo kidole leo, kwa hasira tu.

Sasa nisikie, na Baba anisikie. Chuma kikilia msitoke. Wakishaona kimewafaa mara moja watakipiga tena, na mara ya pili watakuja na mikokoteni. Fungeni milango kwa ndani, kaeni kimya, Sajini abaki na Baba chumbani. Mto huo haujawahi kufika kwenye tembe letu tangu babu alijenge. Ulifika zizini mara moja nikiwa mtoto, ukarudi. Maji ni hofu ya Mama Marta. Wezi ni kweli tupu, tumeiona kazi yao.

Baba, hapa nakuandikia wewe. Koti nitakununulia jingine. Wewe si mtu wa kukimbizwa kwa chuma cha lori. Nyumba ni yako. Kaa ndani yake, nami nitajua iko salama.

Mwanao na mumeo,
Joachim


Uyole
29 Machi 1952

Verediana,

Ukiipata hii, ile ya tarehe 24 ichome kabla Baba hajaiona. Ichome sasa hivi, kisha ndipo uendelee kusoma.

Leo amepita Asukile, dereva wa lori la viazi, ametoka Iringa siku ya tatu. Nilimwuliza habari za mto kwa mazoea tu. Akasema darajani maji yanapita yamebeba miti mizima na mizizi yake, na ng'ombe mmoja amevimba. Akasema tangu aanze kazi ya lori hajaona rangi ile. Nikamwuliza mvua. Akanitazama, akasema, "Mvua gani? Kule haijaacha."

Mimi ni fundi, Verediana, na nimeandika kama mjinga. Nilifikiria mto, sikufikiria paa. Tembe letu paa lake ni udongo. Udongo ukinywa maji siku nne, tano, uzito wake haubebwi na boriti zile, tena kuta zikilowa chini! Maji yakifika magotini tu, tembe linakaa chini lenyewe. Msilale humo hata kama chuma hakilii.

Nilikwenda posta Mbeya kupiga telegramu kwa padri. Karani amesema waya umekatika njiani, nirudi kesho. Nitarudi kesho. Basi la barua linaondoka sasa, nampa dereva hii mkononi. Naomba iitangulie ile nyingine, ingawa najua barua iliyotangulia haipitwi.

Chuma kikilia, pandeni. Wezi wachukue mlango na bawaba zake. Mwambie Baba nimekosea. Mwambie, mwanao ameandika kwamba amekosea.

Joachim


Bondeni
8 Aprili 1952

Kwa Lusia, Ilula

Dada yangu,

Hii isome peke yako, kisha iwe kuni. Habari ya msiba nadhani imekufikia: mkwe wangu, Mzee Kalinga, tumemzika Jumamosi. Watoto wazima. Nakuandikia yale ambayo siwezi kumwambia mtu aliye karibu.

Wezi walipiga chuma cha maji mwezi uliopita, wakatuibia. Hilo ulilisikia. Shemeji yako akaandika kwamba chuma kikilia tena tusitoke. Barua ilifika Jumanne iliyopita. Baba aliipokea kwa Katekista, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, nami niko nyuma ya mlango nasikiliza, Marta ameketi miguuni pake. Alipomaliza aliikunja, akaiweka mfuko wa shati. Alitabasamu mara ya kwanza tangu koti lake liibiwe. Akasema, "Mwanangu ananijua."

Alhamisi, bado giza, chuma kikalia. Watu wakafunga milango. Nilisikia komeo za jirani zikiingia, moja baada ya nyingine. Wengine walisema baadaye walidhani wezi wamemkaba Katekista na wanapiga wenyewe. Mimi sikujua zaidi yao. Ni woga tu ulionitoa. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi nilikuwa tayari kuchekwa. Nilimfunga mwanangu Saulo mgongoni, nikamweka paka tengani, nikaenda kusimama mlangoni kwa Baba, nimejifunika kichwa, uso nimeugeuzia pembeni kama inavyopasa.

Nikasema, "Baba, tupande."

Akasema, "Mama, Joachim ameandika."

Nikasema, "Baba, Joachim yuko Mbeya."

Akasema, "Maji umeyaona wewe?"

Nilikuwa sijayaona. Ningesema nimeyaona! Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema uongo, mimi ninayeweza kumdanganya Marta kuhusu dawa. Nikamtuma Marta aingie, amshike babu yake mkono. Mtoto wa miaka minane, Dada, nilimtuma kazi iliyonishinda. Akakaa ndani kidogo, akatoka ameshika kamba ya Sajini. Baba mwenyewe ndiye aliyelifungua fundo. Alimwambia, "Mpeleke huyu mlimani. Yeye hajui kusoma."

Nilipanda nao. Kanga walikuwa wamekwisharuka, mbuzi walikuwa mbele yetu. Mlimani tulikuta nyumba sita tu. Katekista alikuwa bado anapiga chuma, analia, anasema mbona hawaji. Nikamkabidhi mkewe watoto, nikarudi chini.

Kulikuwa kumepambazuka kidogo. Uani maji yalikuwa kiunoni, yanakwenda na kuni zangu. Nilijishikia ukutani hadi mlangoni kwa Baba. Mlango wake ni ule mkeka, unaujua. Mkono wangu ukaushika. Kisha nikapiga hodi.

Dada, nilipiga hodi maji yakiwa kiunoni. Ndani nikamsikia anakohoa. Nikapiga ya pili. Miaka tisa sijawahi kuvuka pale, na mwili wangu ulikataa, nikawaza, kama amevua nguo zilizolowa? Kama nitamwona mkwe wangu uchi, nitamwambia nini mume wangu? Hayo ndiyo niliyoyawaza. Ya tatu nilipiga kwa kupiga kelele. Akasema, "Nani?" Na paa likashuka.

Mkeka ulibaki mkononi mwangu. Nilichimba kwa mikono hadi wanaume waliposhuka. Walionitoa pale ni wao.

Katekista ndiye aliyemwosha na wenzake. Alikuta barua kwenye mfuko wa shati. Aliniletea, akaniwekea mkononi, akasema, "Mimi hii sijaiona." Jana ndiyo imefika barua nyingine ya Joachim. Anasema ile ya kwanza niichome kabla Baba hajaiona, amekosea, tupande. Nimekaa nazo mbili mapajani, moja kavu, moja imelowa. Nimezitia motoni zote. Iliyolowa ilikataa kushika, niliishikilia kwa kijiti.

Joachim akijua, hatanyanyua nyundo tena. Namjua. Atakaa chini, na hatainuka. Niambie, Dada, ni dhambi? Usiniambie. Nimekwishaamua.

Mdogo wako,
Verediana


Uyole
11 Aprili 1952, Ijumaa Kuu

Mke wangu,

Yangu haikuondoka kamwe, waya umeungwa juzi tu. Telegramu ya padri imefika jana: Baba amefariki kwa maji Alhamisi tarehe 3, amezikwa, familia salama. Maneno hayo tu. Nimeyasoma hadi karatasi imechakaa.

Barabara imekatika, malori yamesimama hapa Uyole kuanzia sokoni, mifuko ya barua tu ndiyo inayovushwa kwa kamba. Nimejaribu kuondoka mara mbili na nimerudishwa. Baba yangu amezikwa na mimi nipo hapa nahesabu malori.

Nikuulize jambo moja. Usinifariji, usinihurumie, nijibu tu. Barua yangu ya tarehe 24 ilifika lini? Baba aliisoma?

Nimehesabu siku kila namna. Barua huchukua siku tano au sita, lakini kwa mvua ile ni nane, ikizidi kumi. Nikihesabu nane, nimemwua. Nikihesabu kumi, ilifika Alhamisi yenyewe, na huenda mfuko ulikuwa bado misheni. Nimekuwa mtu wa kuomba posta ichelewe. Mchana nikipigilia msumari nasikia maneno yangu, kaa ndani yake, kaa ndani yake. Msimamizi ameniambia niache kupanda juu, maana napigilia pasipo na boriti.

Kama aliisoma, niambie. Nina haki ya kujua nilichofanya kwa kalamu yangu.

Joachim


Bondeni
17 Aprili 1952

Mume wangu,

Umeuliza jambo moja, nami nakujibu moja kwa moja.

Barua yako ya tarehe 24 haikufika kabla ya maji. Ilikuja pamoja na ile ya tarehe 29, Jumatatu, Baba akiwa na siku mbili kaburini. Katekista alinipa zote mbili kwa mkono mmoja. Nilizisoma, na nikazichoma zote kama ulivyoagiza. Baba hakuiona. Neno lako la mwisho alilolijua ni lile la kwanza, kwamba chuma kikilia apande.

Basi utauliza kwa nini hakupanda. Hapo ndipo penye yangu, nami sitakuficha. Alichelewa. Unajua magoti yake wakati wa baridi. Nilitanguliza watoto, nikarudi kumchukua. Nilifika mlangoni kwake mapema vya kutosha, Joachim. Ningeingia nikamshika mkono, tungetoka. Sikuingia. Nilisimama nje ya mkeka nikipiga hodi, kwa sababu yeye ni mkwe na mimi ni mkamwana, na mpaka paa linashuka nilikuwa bado napiga hodi. Heshima yangu ndiyo iliyomchelewesha. Kalamu yako haimo. Kama ni lazima umlaumu mtu, nipo hapa, njoo unilaumu uso kwa uso, nitakusikiliza hadi umalize.

Kaburi tumeliweka juu, karibu na kanisa, mahali pakavu. Tunalala darasani na akina Damari. Mbegu zilipona upande wetu, boriti ile haikuanguka. Kanga mmoja amerudi. Sajini yupo, anakula, ila hataki kufungwa, ukimwonyesha kamba anakwenda kulala kwa watu.

Rudi kazini, panda paa lako. Barabara ikifunguka njoo, kuna nyumba ya kujenga, na safari hii uijenge mlimani.

Neno moja nakuomba. Ukifika, usimwulize Marta habari za siku ile. Ni mtoto, anachanganya mambo.

Mkeo,
Verediana